Hodi Niliyoshindwa Kuiitikia

Alhamdulillahi, ndugu zangu! Mnaniona nimesimama mbele yenu, lakini haya nnayokwambieni mwenyewe sijayaelewa yote.

Mwaka wa sitini na nne, kule Unguja, watu walikuja kwetu wakapiga hodi. Kwa adabu kabisa! Mume wangu akaitika karibu, akafungua. Wakamchukua, hakurudi. Nikakimbilia huku Maskati na binti yangu Zuwena, tukapata chumba mtaa wa Matrah. Tangu hapo nikisikia hodi ulimi unaganda. Jamaa wanaita mpaka wanachoka, wanakwenda zao, nami niko ndani. Khofu, ndugu zangu, khofu!

Basi Zuwena akaungua mguu kwa maji ya moto. Hospitali wakasema nesi atakuja nyumbani kumsafisha kidonda. Asubuhi nikasikia hodi, nikachungulia dirishani: nesi mwenyewe, mwanamke mweusi. Waliomchukua mume wangu walikuwa weusi. Na bibi yangu mzaa mama, aliyenilea, naye alikuwa mweusi! Nilimwogopa nani hasa? Sikufungua.

Hakuondoka mpaka jioni, na kesho yake akarudi. Akakaa barazani, akazungumza na mlango kwa Kiarabu cha kuokoteza, na changu si bora kuliko chake. Akasema kwao Amerika, wazungu waliojifunika nyuso walimwita baba yake nje, wakamuua. Mama yake akajifungia. Majirani wakakaa kwa zamu barazani kwake, kila siku, mpaka alipofungua mwenyewe.

Siku ya tatu kidonda kikaanza kunuka. "Mama, mfungulie!" Zuwena analia. Nikasema Yarabi, sina nguvu! Mkono ukaenda kwenye komeo, wallahi sijui nani aliusukuma. Nikasema, "Karibu."

Akiwa anasafisha, akaniambia bibi wa bibi yake aliuzwa mnadani. Nami nikaropoka, "Babu yangu alinunua watu." Kwa nini nilisema? Akaweka pamba chini, akaniangalia. Kisha akaniambia niushike mguu wa mtoto usitikisike, akaendelea. Hakusema amenisamehe. Kesho yake akaja tena.

Zuwena anatembea, mashaallah! Ndugu zangu mlio na khofu, mtegemeeni Mungu hata msipomwelewa. Mie simwelewi: alinitoa dhikini kwa mkono wa mtu aliyekuwa na kila haki ya kupita mlango wangu bila ya kugeuka.