Breki na Shule ya Maharagwe

Haya sikuhadithiwa na mtu. Niliyaona kwa macho yangu mawili, na ningekuwa na la tatu lingeshuhudia pia. Asubuhi hiyo Breki, fundi magari, alifika kwenye benchi letu la kahawa uso umemkunjika kama shati la mbeba magunia. Alikuwa ametoka kumpeleka bintiye chekechea, kachungulia dirishani, na alichokiona kikamchoma. Akaapa: kikombe kimoja tu, kisha anarudi kumtoa mtoto shule.

— Darasa zima wanahamisha maharagwe! alifoka. Kutoka bakuli hili kwenda lile, kwa kibano! Wengine wanafinyanga udongo, wengine wanabana vibanio vya nguo kwenye kamba. Kalamu hakuna!

— Kambani kulikuwa na nguo? akauliza Wakili, mshona viatu asiyewahi kushindwa hoja wala kumaliza kiatu kwa wakati.

— Hata soksi moja!

— Basi imekula kwako, kaka. Hayo ni maharagwe ya tajiri fulani. Mwanao anamchambulia bure.

— Kuchambua wapi! akadakia Antena, fundi redio, anayenasa habari kabla hazijatokea. Kibano, vidole laini, kimya kimya... Wale wanafundishwa kuchomoa pochi!

Breki akajipapasa mfuko wa nyuma.

— Mwanangu awe mwizi?

— Mwizi mwenye cheti, akasema Wakili. Afadhali.

— Au jasusi! Antena akapanda gia. Udongo wa nini? Wa kunakili funguo za benki! Na vibanio?

— Vya kubania pua, sumu ikimwagwa! akajibu Wakili.

— Umeona? Kamtoe sasa hivi, Breki. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Kimbia!

— Na mwenda pole hajikwai, akaunga Wakili. Toka mbio!

Breki aliinuka, akaketi tena. Kuna kitu kilimkwama rohoni: pale dirishani bintiye alikuwa katoa ulimi pembeni, kazama kazini, hata hakumwona baba yake. Akaazima kibano cha Antena cha kushikia nyaya, akajaribu kuhamisha karanga kutoka sahani hadi kikombe kitupu. Mikono ile inayong'oa nati zilizoota kutu ikashindwa na karanga. Karanga ya kwanza ikatumbukia kwenye kahawa ya Wakili. Ya pili ikamrukia Antena jichoni.

— Jamani, jasusi kaniua!

Benchi zima likalia kwa kicheko. Ndipo akatokea mkewe Breki, katoka zamu ya usiku kiwandani, hata nyumbani hajafika.

— Baba watoto, nimepitia shule kumwona mtoto. Lile shati lenye vifungo vidogo, vile vinavyokushinda wewe, kila kimoja kimekaa kwenye tundu lake. Leo nani kamfungia?

Breki akavuta kumbukumbu. Asubuhi alikuwa chini ya kitanda anatafuta kiatu. Mtoto alitoka chumbani kashavaa. Breki akamtazama Wakili. Wakili akatazama soli. Antena, mawimbi yamekatika.

— Si mimi, akasema Breki polepole.

— Mimi nilikuwa kazini, akasema mkewe.

Breki akakitazama kile kibano, kisha karanga. Kisha Wakili akanong'ona:

— Sasa mtoto unamtoa?

— Nimtoe nani? akajibu Breki, tayari yuko njiani. Naenda kuwaongezea maharagwe!

Yote hayo ni kweli tupu. Ila lile la kila kifungo kukaa kwenye tundu lake nimelitia mimi. Kimoja kilikuwa kimeingia tundu la jirani, na mpaka jioni Breki hakuruhusu mtu akiguse.