Zulia la Chumba cha Dobi: Risala ya Kikundi cha Sauti Sita

Mgeni rasmi, mheshimiwa mkurugenzi wetu wa utamaduni. Viongozi mlioambatana naye. Na nyinyi majirani mlioacha shughuli zenu kuja kutusikiliza:

Makaribisho

Karibu sana chumbani kwetu. Tunaomba radhi kwa kukuvua viatu mlangoni. Zulia ni jipya, na ofisi yako imetuonya tusilichafue.

Historia fupi

Sisi ni fundi cherehani, fundi bomba, muuguzi, walimu wawili na mimi kinyozi ninayesoma risala hii. Tunaimba nyimbo za Ulaya ya kale, zilizotungwa karne nyingi zilizopita kwa ajili ya majengo ya mawe. Hatuna kinanda wala ngoma. Kila mmoja ana njia yake, na njia zote hukutana hewani. Anayetuanzishia sauti ni fundi cherehani, ambaye sote tunamwita Mama. Yeye huguna kidogo tu, nasi tunaingia.

Zamani hapa palikuwa chumba cha dobi, vigae sakafuni mpaka ukutani. Siku ya kwanza tulipoingia, Mama aliguna, ukuta ukamjibu. Akasema, "Hapa hapa, wanangu. Mimi sitoki tena."

Mafanikio

Tumeimba harusini, misibani na hospitalini. Ni kweli kwamba tukimaliza wimbo wa tatu bado watu hutuuliza, "Haya, muziki wenyewe unaanza saa ngapi?" Tumeshazoea.

Changamoto

Mheshimiwa, hapa hatutauma maneno. Tulikuja ofisini kwako kuomba bati moja linalovuja lizibwe. Msaidizi wako akauliza kama kuna lingine. Fundi bomba, kwa kupenda kujisifu, akamwambia, "Chumba chetu kina mwangwi huo, wewe acha tu!" Msaidizi akadhani analalamika.

Tuliporudi tulikuta zulia ukuta kwa ukuta, mapazia mazito, dari la sponji na spika mbili kubwa. Bati bado linavuja, ila sasa linavujia zulia.

Kila tukifungua mdomo tunaambiwa tushukuru. Tumeshukuru mpaka tumechoka. Lakini Mama ni mtu mzima, sauti yake imekuwa nyembamba, na vigae vile ndivyo vilivyokuwa vikimbeba. Jana aliguna, hatukumsikia. Akaguna tena. Kisha akachukua mkoba wake. "Sauti yangu siisikii humu. Imbeni nyinyi, mimi basi." Mwalimu mmoja akamshauri atumie spika, na hapo ndipo alipotununia kabisa. Muuguzi alilia, nami nililia.

Maombi

Tunaomba zulia, mapazia na sponji vitolewe, vipelekwe ofisini kwako, ambako haimbi mtu. Spika wapewe vijana wa disko. Hao watakushukuru kwa moyo. Bati pia, ukipata nafasi.

Ratiba inasema sasa tunakuimbia. Hatuimbi. Nimejaribu kuanzisha mimi, kila mtu akashika lake.

Mama yuko nje, kwenye ngazi. Amevaa vizuri kwa ajili yako, ila amegoma kuingia. Ukitoka utampita. Tunakusihi usimpe mkono tu na kwenda zako. Mwambie wewe mwenyewe kwamba zulia linatoka, maana sisi tumemwahidi mara nyingi mno, naye hatuamini tena.

Mungu akujalie afya, maisha marefu na masikio mazuri.

Ni sisi,
Kikundi cha Sauti Sita. Kwa leo, watano.