Miaka Thelathini na Saba ya Mkono wa Zachariah Kitavi

Bwana Zachariah Kitavi, mkaguzi wa nguo na mkufunzi wa wapiga pasi, anastaafu Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025 baada ya kuitumikia Jasmini Dobi kwa miaka thelathini na saba. Ni wachache katika jiji hili waliokaa kazi moja muda huo wote na bado wanaamka asubuhi wakiimba. Yeye huimba. Majirani wake wa Kangemi ni mashahidi, na wengine wamelalamika.

Bi Gurleen wa ofisi ya wafanyakazi ndiye aliyenipa kazi ya kuandika wasifu huu. Alinipigia simu akasema, "Susu, hakuna anayemjua Kitavi kukushinda." Susu ni nyanya kwa Kikamba, na Gurleen hulitamka vizuri kuliko wajukuu wangu. Ni kweli namjua. Nilimzaa. Tena tulikuwa wafanyakazi wenza, maana mimi Kavindu nilipika chai ya Jasmini tangu enzi za babake Mzee Kirit hadi magoti yangu yalipozikataa ngazi. Chai hiyo haijapata mrithi mpaka leo. Ulizeni waliokunywa.

Bwana Kitavi aliingia chumba chetu cha mashine, pale nyuma ya Barabara ya Kirinyaga, mwaka wa 1988, kijana mwembamba kutoka Makueni. Mzee Kirit, mwenye kampuni, alimtazama akamuuliza anajua kazi gani. Mimi nikajibu, "Anajua zote." Mzee akacheka: "Mama Kitavi, kijana hana mdomo?" Nikamwambia anao, ila ni wa kula. Akaajiriwa siku hiyo hiyo kusukuma mikokoteni ya shuka za mahoteli.

Hakukaa kwa mikokoteni sana. Alipewa pasi, na pasi ikapata mwenyewe. Majoho ya mahakimu yalipita mikononi mwake, na kama kuna kesi ziliharibika, si kwa sababu ya makunyanzi. Kuna bwana mmoja wa Karen ambaye hakutaka mtu mwingine aguse suruali zake. Kitavi akienda likizo, suruali nazo zilienda likizo. Familia moja ya Spring Valley iliwahi kuleta sari ya hariri iliyolala sandukuni tangu harusi ya nyanya yao, nao wanaitaka jioni ile ile kwa harusi ya binti yao. Wenzake wote walirudi nyuma. Yeye hakuigusa kwa pasi hata kidogo. Aliinyoosha kwa mvuke na kitambaa chenye unyevu, kipande kwa kipande, mpaka mikunjo ikakata tamaa yenyewe. Mama wa bibi harusi alituletea sanduku zima la ladoo, zile peremende za Kihindi. Nilizila nyingi mimi, kwa kuwa wakati huo ugonjwa wa sukari ulikuwa bado haujanijua jina.

Lakini wasifu usiotaja jinsi mkono wake ulivyoumia utakuwa ni wasifu wa mtu mwingine.

Mwaka wa 2014 rola kubwa, ile mashine ya moto ya kunyoosha shuka, ilivuta kitambaa cha meza na mkono wake wa kulia ukafuata. Sitaeleza zaidi, kuna watakaosoma hapa wakila. Mzee Kirit mwenyewe alimkimbiza hospitalini kwa gari lake, na wiki haikuisha kabla ajali haijaripotiwa kwa ofisi ya serikali ya usalama kazini, kama sheria inavyotaka. Hilo nalisema kwa heshima. Kuna waajiri ambao mtu akiumia humpa nauli na pole.

Sasa vijana wa Jasmini, nisikilizeni, maana wengi wenu hamjui. Mtu akiumia kazini ana haki ya fidia hata kama hakuna aliyekosea. Si zawadi, wala si huruma ya tajiri. Kidonda kikishafunga, daktari anampima aone ni nguvu kiasi gani imepotea isirudi tena, na kwa kipimo hicho bima ya kampuni inalipa. Kila kitu kinasimama juu ya kile daktari anachoandika.

Na hapo ndipo Bwana Kitavi alipoteleza. Kwetu mtu akikuuliza habari, unajibu mzuri. Hata nyumba ikiwa inaungua, unajibu mzuri kwanza, ndipo unaomba ndoo. Hivyo ndivyo watu wenye adabu wanavyoishi, na yeye ana adabu kuwashinda wengi. Basi yule daktari wa kwanza, mtu mwenye haraka zake, akamuuliza mkono unaendeleaje. "Mzuri sana daktari, Mungu amesaidia." Unauma? "Kidogo tu, si mbaya." Utaweza kazi? "Nitajikaza." Alipomaliza akakirudisha kiti mahali pake kwa mkono wa kushoto, akamtakia daktari siku njema. Daktari akaandika kuwa amepona na hana ulemavu wowote.

Sisi tulifurahi! Ilikuwa kama amepita mtihani. Nilipeleka kuku kanisani.

Furaha ile ilidumu hadi aliporudi kwenye meza ya pasi. Kuandikwa kwamba amepona kulimaanisha hakuna fidia, na tena arudie kazi ile ile kwa mkono ule ule. Vidole havikuwa vinakunjika. Akaunguza shati la mteja wa Hurlingham. Akaunguza pazia. Viraj, mtoto wa Mzee Kirit, ambaye ndio kwanza alikuwa amepewa usimamizi, alikuja na lile shati akalipenyezea kidole kwenye tundu. "Kitavi, niambie ukweli. Umepona ama hujapona? Hapa imeandikwa umepona. Kama umepona na unachoma nguo za watu, mimi nitakuweka nikisema nini?"

Naye akajibu, "Nimepona, boss. Ni hii pasi."

Akaletewa pasi mpya. Akaunguza na hiyo.

Viraj akampa mpaka mwisho wa mwezi. Hapo kazi ilikuwa inaning'inia kwa uzi, na watoto wawili walikuwa sekondari. Fundi wa pasi wa umri wake, mkono mmoja haushiki, nani mwingine angemwandika? Angefutwa kama mtu mzima wa afya aliyeshindwa na kazi, aende na barua na kwaheri.

Aliyetuokoa ni Rachael, mkunja shuka, aliyekuwa mwakilishi wetu wa chama cha wafanyakazi. Alifika Kangemi Jumapili, tukiwa bado tuna nguo za kanisani, akakataa hata kuketi. Alisema sheria inaruhusu kupinga kipimo kile mbele ya mkurugenzi wa usalama kazini, mtu aonwe na daktari mwingine, lakini siku za kupinga zilikuwa karibu kufungwa. Bwana Kitavi akaanza kusema hataki kusumbua watu. Rachael akamkata: "Kitavi, kwa daktari si kwa wakwe. Huko hatuendi kusalimiana." Pingamizi akaliandika yeye, na Mzee Kirit, Mungu ambariki, hakulizuia.

Siku ya daktari wa pili nilimpeleka mwenyewe. Mlangoni nilimwambia, "Leo ukisema mzuri, navua kiatu nakuchapa nacho mbele ya watu." Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Akasema, "Sawa, mama."

Daktari huyu alikuwa mwanamke, mtulivu. Akamsalimia, "Habari yako, mzee?"

"Mzuri," akasema. Nikakohoa.

"Na mkono?"

Akanitazama. Akatazama dari. Jasho lilimtoka kama amesimama mbele ya rola. "Mkono... mkono unajitahidi."

Nikainama kukitafuta kiatu. Daktari akacheka. "Mama, hebu pumzika kidogo. Wewe mzee, vua shati nione mpaka begani."

Alikishika kifungo cha juu kwa ule mkono wa kulia, kikateleza. Akajaribu tena, kikateleza. Daktari hakumsaidia wala hakuandika kitu. Alingoja tu. Mwishowe mtoto wangu akaushusha mkono, akasema polepole, "Siwezi, daktari. Stellah ndiye hunifunga asubuhi na kunifungua jioni. Kijiko pia siwezi kushika. Na usiku unauma mpaka natafuna blanketi."

Stellah ni mke wake. Siri ile walikuwa wameificha miezi yote, wakatuficha sote, mimi, watoto wao, Viraj na kila mtu. Mimi nilikuwa nikiwaonyesha majirani jinsi shati lake linavyokaa vizuri shingoni.

Sikukohoa tena. Nilisimama nikamfungua vile vifungo mwenyewe, kama zamani.

Daktari aliandika alichokiona. Pingamizi likakubaliwa na fidia ikalipwa. Kiasi siandiki, kwa sababu hata wezi husoma, lakini huko Makueni kuna tangi la maji ambalo mpita njia lazima aulize ni la nani. Kilichokuwa kikubwa zaidi ni kwamba kazi ilibaki. Sasa iliandikwa wazi kuwa mkono ule usipewe tena pasi ya moto, na Viraj akajua anaongea na mtu aliyeumia, si mtu aliyezembea. Alikuja Kangemi kumwomba radhi, akanikuta mimi kwanza. Alikunywa chai akaongezwa, akaongezwa tena, ndipo nikamruhusu aongee. Akamfanya mkaguzi wa nguo, akasema macho ya Kitavi hayajaungua.

Kutoka hapo nyota yake ikapanda hata kuliko mwanzo. Aliwafundisha kazi wapiga pasi wa matawi yote, Hurlingham, Karen na Spring Valley, na ukiona kola imekaa wima katika mtaa wowote kati ya hiyo, jua mwanafunzi wake amepita. Ni yeye aliyemsumbua Viraj mpaka rola ikawekewa kinga ya kuzuia vidole. Na ni yeye aliyeanzisha ule utaratibu ambao hauko katika kanuni zozote za kampuni: mfanyakazi akiumia, hata lengelenge la kidole, haendi kwa daktari kabla hajapita kwa Bwana Kitavi. Anamkalisha juu ya marobota ya shuka na kumfanyisha mazoezi ya kulalamika.

Ivyne wa Spring Valley, aliyeteleza kwenye sakafu yenye maji akaumia mgongo, anasimulia akicheka. Alisema, "Niko sawa tu, mzee, naskia uchungu kidogo." Bwana Kitavi akamwambia, "Haitoshi. Anza tena. Sema unauma wapi, unauma ukifanya nini, na ni kazi gani ulikuwa unaiweza jana na leo huiwezi. Mgongo wako hauna mdomo, Ivyne, ukopeshe wako." Alimrudisha mwanzo mpaka msichana wa watu akalia kilio cha kweli, naye akampigia makofi. Ivyne alilipwa haki yake, na leo ndiye anayepokea nguo za wateja pale mbele, ameketi kwenye kiti kizuri chenye mgongo.

Tunamshukuru Mzee Kirit, aliyeshika sheria wakati ilikuwa rahisi kuisahau. Tunamshukuru Viraj, aliyejifunza. Tunamshukuru Rachael, na Stellah, ambaye naye angestahili wasifu wake, tena mrefu. Ijumaa mchana wote mnakaribishwa chumba cha mashine. Pilau italetwa, muthokoi nitapika mimi, magoti yatake yasitake.

Bwana Kitavi, unatoka kwa mlango wa mbele, siku uliyoijua tangu zamani, jina lako likiwa juu ya keki. Mwaka ule ungetoka kwa mlango wa nyuma na shati lililoungua. Wenzako wa Jasmini wanakuombea mvua nzuri Makueni, miaka mingi, na usingizi mtamu mpaka jua liingie dirishani. Nenda ukapumzike. Kazi hii umeimaliza mwenyewe, hakuna aliyekumalizia.