Urefu wa Mlinzi

Kijiwe chetu ni benchi moja na birika la kahawa, pembeni mwa duka lililofungwa. Wanaume hupika maneno, mimi nafuma. Ndipo wakanibandika jina la Bibi Kulabu. Kuna Breki, dereva mstaafu, na Redio, ambaye hata mkewe ameshindwa kumzima. Majuzi mvua iligeuza barabara kuwa mto. Maji yalizoa meza ya muuza nyanya na vyungu vya jirani, lakini benchi letu halikwenda, kwa kuwa Mlinzi alilikumbatia mpaka yakapungua. Mlinzi hajaajiriwa na mtu. Analala mlangoni pa lile duka, basi tukamwita hivyo. Yeye ameshika benchi, maboksi yake ya kulalia yamekwenda na maji. Tangu hapo analala juu ya saruji tupu, na sisi tumekaa raha mustarehe.

Mimi machozi yangu huyajua kitunguu tu, lakini niliona ahsante ya mdomo haimkingi mtu na baridi. Nikawaamuru walete mifuko ya plastiki, ile inayozagaa kila nyumba. Naikata mapingili kama ndizi, kila pingili inakuwa pete, pete napitisha ndani ya pete, unatoka uzi mrefu, naufuma kwa kulabu uwe mkeka wa kulalia. Mkeka wake ni laini, haunywi maji, na asubuhi unakunjwa unabebwa begani. Leo ulikuwa unakaribia kwisha, na jioni Mlinzi akirudi kutoka sokoni na mkokoteni nilitaka aukute tayari. Nikauliza niishie wapi. Nilikosea kuuliza.

— Pima kwangu mimi, alisema Breki. Ndiye mrefu hapa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Guu la nani?

— Hilo litakalobaki nje ya mkeka.

Redio akasema tusijisumbue, plastiki huvutika kwa joto la mwili. Mkeka ukifumwa mfupi leo, mwisho wa mwezi utakuwa umevuka barabara. Breki akataka kujua kama utafungwa taa za nyuma, magari yasiugonge. Redio, badala ya kunyamaza, akaongeza kwamba mvua zikikaza utahitaji kupunguzwa kama majani ya uani. Alisema ameisikia habari hiyo kwa mtu aliyesoma. Mtu huyo Redio humsikia kila siku, sisi hatujapata kumwona.

— Halafu yule hulala amejikunja, akamalizia. Mfupi unamtosha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Anajikunja kwa sababu kizingiti ni kifupi, nilimwambia. Wewe ukilazwa ndani ya sufuria si utajikunja?

Hapo akaja fundi cherehani, mama aliyehamia chumba cha ng'ambo wiki hii, futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni. Breki akasema mgeni njoo mwenyeji apone, akajisogeza akampa nafasi ya kuku.

— Shikamoo, bibi.

— Marahaba, mwanangu. Kaa, wasikutishe.

Akaupapasa mkeka, akausifu pindo. Nikamweleza ni wa nani na kwa nini. Alisikiliza vizuri, kisha akauliza kama fundi anavyomuuliza mteja yeyote:

— Mwenyewe ana urefu gani?

Breki akainua kiganja hadi begani kwake, akakishusha hadi kifuani. Redio akajaribu kwa hesabu ya mafuriko: maji yalimfika kifuani, kwa hiyo... Breki akamkumbusha kwamba mtu alikuwa amepiga magoti. Tukamtafuta vichwani mwetu amesimama wima, hatukumpata. Sokoni ameinamia mkokoteni, mlangoni amejikunja. Labda alishasimama mbele yetu mara nyingi, na sisi tunaangalia vikombe.

— Basi apimwe, alisema fundi. Alale anyooke.

— Mbele za watu? Redio aliguna. Atadhani tunampimia sanda. Atatukimbia, na mkeka atauacha.

Kwa mara ya kwanza Redio alisema neno la maana, nami likanichoma. Mtu kakuokolea kiti, kisha umlaze chini mbele ya kadamnasi umkague kama mbao? Nikaacha kulabu ndani ya kitanzi, sikufunga fundo.

— Atatangulia kulala mmoja wetu, nikasema. Fundi ampime, tucheke. Mlinzi akiona ni mchezo wa kijiwe kizima, hataona aibu.

Wote wakamgeukia Breki, aliyejitangaza mrefu. Breki akaitazama suruali yake iliyopigwa pasi, akaitazama saruji, bado ina tope la mvua.

— Bibi, hii suruali ni ya leo.

— Na yeye alikuwa na suruali ngapi siku ile ya mafuriko?

Mlinzi akatokeza konani, ameinama nyuma ya mkokoteni mtupu. Breki akamkabidhi Redio kikombe chake, akaanza kuvua viatu.