Kisanduku Ambacho Waheshimiwa Hawakutaka Kujaza

Baada ya miaka thelathini na miwili kwenye dawati la kuandikisha wanachama, Mama Kalamu anastaafu rasmi leo, tarehe 30 Juni. Jina hilo alilipata kwa kalamu aliyoifunga kamba na kuivaa shingoni. Mtu asiyetaka kusaini, husema, kwanza hukosa kalamu.

Alianza na viwanda na shule. Kisha sheria ikafungua mfuko wetu wa hifadhi ya jamii kwa madiwani, nasi tukakaa kungoja fomu zao. Hazikuja. Mama Kalamu alikwenda kuuliza, akarudi na jibu: tatizo ni kisanduku kimoja, "Tarehe ya kukoma utumishi." Kwa mtu aliyeapishwa jana, kuandika siku atakayoondoka ni uchuro.

Basi siku ya kiapo kilichofuata alisimama na fomu kwenye mlango wa chumba cha chai cha madiwani, asipite mtu bila kusaini. Mheshimiwa aliruhusiwa kukiacha wazi kisanduku kile. Mama Kalamu mwenyewe angekijaza baadaye, maana mwisho wa muhula unajulikana kisheria. Jumatatu meneja alimkaripia. Ijumaa, alipoona fomu zilivyojaa, akamwagiza afundishe matawi yote.

Diwani mmoja, fundi mwashi tuliyemwita Simiti, aligoma. Yeye hakuajiriwa, alisema, alichaguliwa, na kiti chake haking'oki. Mama Kalamu alimjibu kwamba kiti ni cha kuazima, lakini magoti ni yake mwenyewe. Simiti akasaini ili tu apate chai. Mwaka wa tatu kiharusi kikamwangusha. Binti yake alipomleta kuuliza kama kuna chochote, Mama Kalamu alilitoa faili kabla hawajaketi. Simiti alicheka kwa upande mmoja wa uso, ule uliobaki. Pensheni ya ulemavu ilimfikia, na binti akamaliza chuo.

Yupo pia diwani aliyepenya kwa mlango wa jikoni bila kusaini. Alipougua baadaye, hatukuwa na la kumpa. Jina lake limebandikwa ndani ya droo ya Mama Kalamu, na hajawahi kulifanyia mzaha.

Juma lililopita tuliona fomu ya Mama Kalamu mwenyewe ya kustaafu imelala mezani siku nne. Amejaza kila kitu, isipokuwa kisanduku kimoja. Tulicheka. Habari zilimfikia Simiti, naye ameomba leo asimame yeye mlangoni mwa chumba cha chai, kalamu mkononi.

Asante, mama, kwa kila mlango ambapo ulisimama. Jaza, upite, chai inapoa. Tunakuombea siku njema nyingi, na magoti ya kuzitembea.