Ghattas Mitri na Inshallah Zake

Marehemu Ghattas Mitri Hanna alizaliwa Karak tarehe 6 Januari 1949, siku ya sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, ndiyo maana akaitwa Ghattas, jina litokanalo na kuzamishwa majini. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mitri na Hilweh. Mimi ni Fahda, dada yake wa pekee, na nilimfuata miaka kumi baadaye.

Alisoma shule ya kanisa hadi mwaka 1965, na kwetu Waarabu hata Wakristo husema Alhamdulillah na Inshallah. Mwalimu alipomuuliza kama amefanya hesabu za jana, alijibu, "Alhamdulillah, mwalimu," na mwalimu akapita kwenda kwa mwingine. Hakuwa amefanya hata moja. Nyumbani kisa hicho kilichekewa sana, na mama alikisimulia kwa kila mgeni.

Mwaka 1970 alifungua duka la samli na jibini karibu na soko. Ukimuuliza mzigo utafika lini, ni Inshallah kesho. Ukilalamikia bei, anakuapia Wallahi hapati faida. Mama Khalaf, aliyekuwa akiomba sadaka mlangoni pake, alijibiwa kila asubuhi, "Mungu akupe, mama." Siku moja bibi wa watu akachoka. "Wewe kila siku unanituma kwa Mungu, na Mungu ananirudisha kwako. Si mkubaliane basi!" Soko zima lilicheka. Ghattas naye alicheka, akafunga jibini yake kabatini.

Alimwoa Wadad mwaka 1974, wakajaliwa Nasri na Jiryes. Wadad alikuwa mgonjwa wa mgongo tangu uzazi wa pili, kwa hiyo kukanda unga, kufua na kulea kulikuwa kazi yangu. Baba yetu alifariki mwaka 1977, na Ghattas akawa mwenye kauli juu yangu.

Tarehe 9 Oktoba 1981 wazee wa ukoo wa Odeh Farhan, mwalimu, walikuja kuniposa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na nilimtaka Odeh. Nalisema hili waziwazi leo kwa sababu siku ile hakuna aliyeniuliza. Walipomiminiwa kahawa, Mzee Farhan alikitua kikombe chini, kama ilivyo desturi yetu.

"Kahawa yako hatuigusi, Baba Nasri, mpaka utupe tulichokijia. Tumekuja kumwombea Odeh mkono wa Fahda."

Mwenye nyumba hujibu, "Kunyweni, mmepewa." Akikataa, hukataa waziwazi, nao huenda kutafuta wakubwa zaidi wa kuwasemea, au huachana na jambo hilo. Ghattas aliweka mkono kifuani.

"Inshallah kheri."

"Hiyo ni ndiyo?"

"Inshallah."

"Basi kama ni hapana, sema tujue."

"Astaghfirullah, mzee wangu! Nani kasema hapana?"

Nilikuwa nyuma ya mlango na Wadad. Akaninong'oneza, "Kaka yako anakupenda, wifi. Ukienda wewe, nani atamfulia?" Kule barazani kahawa ikapoa. Wageni hawakuweza kuinywa, kwa kuwa hawakupewa, wala kukasirika, kwa kuwa hawakunyimwa. Wakaondoka. Mimi ndiye niliyemwaga vikombe na kuviosha.

Na kwetu msichana aliyeposwa na posa haijajibiwa haposwi na mwingine. Kila Pasaka mama yake Odeh alikuja kuuliza, na kila Pasaka alirudi na sahani ya vileja na ile Inshallah. Mwaka 1986 Odeh alikata tamaa, akaenda Kuwait na kuoa huko. Habari ilipofika, Ghattas alikuwa anakula. "Ndivyo Mungu alivyopenda," akasema, akaniomba nimwongezee wali.

Wadad alifariki mwaka 2003. Nikaendelea kukanda unga.

Tarehe 2 Machi 2023 Ghattas alipatwa na kiharusi. Maneno yote yalimpotea, ikabaki Inshallah peke yake. Nasri alisafiri kuja kumwona. "Baba, unanitambua?" "Inshallah." Majirani walilia, wakasema ulimi wake umebaki kwa Mungu tu. Mimi niliyembadilisha nguo nilijua kwamba hata akitaka maji hakuweza kuyaomba, na macho yalimtoka kwa kiu. Nilimpa maji. Nilimchukia na nikampa maji. Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, akiwa na miaka sabini na mitano.

Ameacha wana wawili, Nasri na Jiryes, wajukuu watano, na mimi.

Desturi yetu ni kwamba kabla ya kaburi kufukiwa, waliodhulumiwa na marehemu husema mbele za watu kuwa wamemsamehe. Padri Butros alikuja jana kuniomba neno hilo liandikwe hapa, katika wasifu huu unaosomwa kaburini. Nasri akaniambia, "Shangazi, andika tu Inshallah, yaishe."

Padri, umeniuliza kwa heshima, nami nakujibu kwa heshima: hapana. Mimi Fahda binti Mitri sijamsamehe. Mungu na amsamehe, maana jina lililotumika lilikuwa lake.

Mfukieni sasa. Alale kwa amani.