Jina la Maksai Wangu Mbele ya Wazee wa Kanisa

Mheshimiwa Chifu, uliyeacha kesi za watu ukaja kula nasi, Mchungaji wetu, wazee wa kanisa mkiongozwa na Mzee Silas Mutwiri aliye mwalimu wetu, Mama Kajuju, mwenyekiti wa akina mama, ambaye hata Chifu akimwona hufunga vifungo vya koti, Mzee Warsame, tajiri wangu wa lori, salaam aleikum, ndugu wageni waalikwa wa Leparua na wa hapa Bulla Pesa, na nyinyi wenzangu tuliopokelewa leo kuwa washiriki wa kanisa hili, habari za mchana?

Wenzangu wamenichagua mimi, Ekai, niseme kwa niaba yao, na wamechagua vizuri. Kwa masomo wamenipita, sikatai, maana mimi nilifika darasa la nne nikaona panatosha. Lakini ni nani kati yao amesimama juu ya lori la mbuzi mpaka Merti, akipiga kelele na dereva anasikia? Kwa hivyo hiyo maikrofoni iacheni ipumzike.

Mwaka mzima Mzee Mutwiri alitufundisha Amri Kumi, Sala ya Bwana, na kuvua kofia ndani ya kanisa. Alitufundisha kwa subira ya Mmeru aliyepanda mahindi Isiolo akangoja mvua. Je, hayakuota? Tazameni, ndiyo haya yamevaa mashati meupe. Ila hindi moja lilibaki kidogo ling'olewe, na hindi lenyewe ni mimi.

Siku ya mwisho ya mafundisho kila mtu aliulizwa atapokelewa kwa jina gani. Huyu akasema Petro, yule Zakaria. Zamu yangu ilipofika nikatoa kifua mbele nikasema, "Apangor."

Mzee akaweka kalamu chini. "Hiyo ni jina ya mtakatifu gani?"

"Si la mtakatifu, mzee. Ni la maksai."

"Maksai ya nani?"

"Wangu. Yule wa kahawia, yuko kwetu Leparua."

"Ekai, hii kanisa haibatizi ng'ombe."

Nyinyi wageni ambao si Waturkana, ngojeni niwape mwanga. Kwetu baba humpa kijana dume aliyehasiwa, naye kijana humchunga na kumwimbia, na akiwa mtu mzima watu humwita baba wa dume yule. Apangor ni hivyo, baba wa yule wa kahawia. Ukiniita Ekai umemwita mtoto wa mama yangu. Ukiniita Apangor umeita mwanamume. Na dume wangu si wa kuokotwa. Ukame wa mwaka wa themanini na nne ulipomaliza zizi letu, yeye alibaki, kwa sababu mimi, utingo wa lori, nilikuwa nakata majani kando ya mto Ewaso Nyiro na kuyapakia juu ya mizigo. Mzee Warsame alinikaripia, "Wewe taniboi, hii lori ni ya sukari ama ni zizi?" Nikamwambia, "Mzee, sukari haisikii njaa." Safari iliyofuata alimsimamisha dereva yeye mwenyewe penye majani mabichi. Mzee, nilikuwa nimekuahidi sitasema. Nimesema.

Habari za jina zilipomfikia baba yangu, Mzee Lokol, hakugomba. Alisema tu, "Wakikunyang'anya jina, mwache dume hapa. Na mimi wasiningoje." Sasa jamani, mngefanya nini? Kanisa nililitaka kwa moyo wote. Lakini nilitaka pia baba, ambaye hakuwa amewahi kukanyaga mlango huu, anione nikipokelewa. Nimkate nani nimfuate nani? Nikampelekea Mzee Mutwiri maneno ya baba kama yalivyo, na wenzangu hawa ni mashahidi kwamba wiki ile sikumtania mtu.

Mzee Mutwiri akaamua aende Leparua akaonane na baba. Mama Kajuju akamwambia, "Peke yako utaharibu," akapanda naye lori, nami nikafuatana nao. Na kweli, alimjua mtu wake. Baba alimtoa yule wa kahawia zizini, kengele shingoni, anang'aa. Mzee Mutwiri, akitaka kumpendeza mwenye boma, akamgusa dume mbavu, akamshika nundu, akatingisha kichwa kwa furaha. "Mzee Lokol, hii haikosi kilo mia mbili. Nyama tupu."

Kwa Mmeru hiyo ni sifa. Kwa Mturkana, ni kama umemshika mtoto wake shingo ukauliza anachinjwa lini. Na baba Kiswahili anakielewa, kwa hivyo sikuwa na nafasi ya kutafsiri uongo. Alishika fimbo. Hakuiinua, aliishika tu.

"Silas," Mama Kajuju akasema, "toa mkono kwa mtoto wa watu." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe mwenye mdomo, hebu mwimbie tuone."

Nikaimba. Nikainua mikono kama pembe zake, mmoja juu, mmoja umepinda mbele, nikaruka, na mnajua nikiruka ninavyoruka. Yule wa kahawia akaacha majani yake akaja mpaka kifuani pangu. Mzee Mutwiri akarudi nyuma kumpisha, akauliza,

"Yeye huja kila akiitwa?"

"Hata kama ana kiu na maji yako mbele," baba akamjibu.

Mzee akavua kofia, pale zizini, kwenye mavi ya ng'ombe. "Nisamehe mkono wangu," akasema. "Nilidhani kijana ameniletea mzaha, maana kila siku huniletea mzaha."

"Jina mtalitaja kwa sauti?" baba akauliza.

"Kwa sauti. Lakini litangulie la kitabu."

"Litangulie," baba akasema, "mradi lisilimeze hili."

Basi leo asubuhi mmesikia wenyewe, "Yakobo Apangor." Na mmeona. Benchi la nyuma, mzee mwenye shuka la buluu, baba yangu, akasimama, akainua mikono yote miwili kama pembe. Kwaya haikujua iimbe ama ikimbie. Mchungaji akangoja. Mimi, ambaye siogopi hata simba wa njia ya Merti, nikamshika huyu Zakaria shati. Ndipo Mzee Mutwiri naye, na lile koti linalombana makwapa, akainua yake. Mzee, kwa heshima zote, pembe zako ni za ndama. Lakini baba alizitambua.

Nawashukuru Chifu na Mchungaji. Mzee Warsame, kwa lori lililoleta wageni bila nauli. Na akina mama waliopika. Nyama ni ya mbuzi, msiitazame sahani kwa wasiwasi.

Neno la mwisho. Tulipokuwa tunatoka, baba alimshika Mzee Mutwiri mkono pale mlangoni akamwuliza, "Dume wangu mimi alikuwa wa madoadoa, na alikufa kwa ule ukame. Huyo naye mnaweza kumtaja humu?" Mzee akafungua mdomo ajibu, na wakati huohuo Chifu akawasili, salamu zikaanza, jibu likapotea. Mzee Mutwiri, kando ya baba kuna nafasi, nimemwambia Mama Kajuju asimkalishe mtu hapo. Nenda ukae, mzee. Anakungoja.

Nashukuru kwa masikio yenu.